Hita Iliyobaki Sandukuni

Philomena Tluway hakuwa na saa ya mkononi, kwa hiyo alipima maji ya moto kwa Salamu Maria. Alifungua bomba la bafu katika nyumba ya wageni ya shamba, akaweka vidole chini ya maji, akaanza kusali polepole kama Masista walivyomfundisha. Hita ilipokuwa nzima, maji yalipata moto kabla hajafika kwenye "amina". Nilikicheka kipimo hicho. Leo najua kwamba kilikuwa sahihi kuliko vitabu vyote vya mitambo nilivyokuwa nimevifungia kabatini.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa mtunza stoo na msimamizi wa nyumba katika mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali, upande wa pili wa Nangwa. Jina la shamba halina haja ya kutajwa, maana kosa nitakalolieleza halikuwa la shamba. Philomena alikuwa mzaliwa wa Nambis, mjane mwenye binti mmoja wa shule, Fabiola. Alifua mashuka, alifagia vyumba, na alitunza bafu la wageni. Mimi ndiye niliyemshika Fabiola siku ya ubatizo wake, na tangu siku hiyo mama yake aliniita Baba, nami nilimwita Mama Fabiola. Kwetu uhusiano huo ni mzito. Mzazi hamshtaki baba wa ubatizo wa mwanawe mbele ya watu. Kufanya hivyo, wazee walisema, ni kama kumrudishia Mungu maji yake.

Hita yenyewe iliwekwa na wataalamu wa kigeni miaka mingi kabla yetu. Haikuwa na tangi. Ilikuwa sanduku jeupe la bati lililotundikwa ukutani bafuni, na mtungi wake wa gesi ulikaa nje. Ndani yake mwali mdogo uliwaka daima. Bomba lilipofunguliwa, mwali huo uliwasha moto mkubwa chini ya mirija myembamba ya shaba, na maji yalipita humo yakatoka ya moto. Bomba lilipofungwa, moto ule mkubwa ulizimika. Watu waliotoka vijijini kuleta barua au kuomba kazi waliomba kwanza waonyeshwe sanduku linalochemsha maji bila sufuria.

Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi nyingi. Birika jipya lilipata ukoko mweupe kabla mwezi haujaisha, na kilichoingia katika birika kiliingia pia katika mirija ya hita. Asubuhi moja Philomena alikuja stoo, akasimama nje ya dirisha la kutolea vifaa, mikono akiwa ameikunja chini ya kitenge.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Fabiola. Kuna nini?"

"Ile hita inachelewa. Zamani ilikuwa Salamu Maria moja. Sasa nasali tatu, na ya nne naianza."

"Labda siku hizi unasali haraka."

Alicheka kidogo, kama mtu anavyocheka kwa heshima.

"Nasali vilevile, Baba. Maji ndiyo yanayochelewa. Na yanatoka membamba, kama maziwa ya ng'ombe mzee."

Nilimtuma Ayubu. Huyu alikuwa fundi wa karakana, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh, mtu wa mzaha ambaye mikono yake haikukosea. Aliifungua hita, akapitisha siki katika mirija mpaka ukoko ukatoka vipande vipande kama maganda ya mayai, akaifunga. Salamu Maria ikarudi kuwa moja. Baada ya miezi mitatu zilikuwa tatu tena. Ayubu aliiosha mara ya pili, na safari hii alikuja stoo akifuta mikono, bila kicheko.

"Mzee Nicodemo, shaba imeliwa. Kuna mchirizi wa kijani pale inapovujia, na chini kote ni kutu. Kuosha ni dawa ya chumvi, si dawa ya uzee. Nimeitibu mara mbili kwa ugonjwa uleule. Mara ya tatu nitakuwa nakudanganya."

"Lakini maji ya moto yanatoka."

"Yanatoka. Hata trekta linaloungua injini hutembea kidogo kwanza." Akachungulia juu ya bega langu, gizani nyuma ya magunia. "Na si una mpya pale, kwenye sanduku?"

"Ile ni akiba."

"Akiba ya nani? Unamngojea nani aiogee, Mzee, wafu wa Siku ya Kiyama?"

Kweli nilikuwa nayo. Hita mpya ilikaa ndani ya sanduku la mbao, imezungushiwa nyasi kavu, chini ya ufunguo wangu. Msomaji aliyeziishi zile siku za uhaba ataelewa, ingawa kuelewa si kusamehe. Sabuni ilikatwa vipande ili igawanyike. Nati moja iliandikiwa barua na kungojewa msimu mzima. Tangu ujana nilikuwa nimefundishwa katika stoo ya misheni, na Padre aliyetusimamia alikuwa akisema kwamba kitu kilichomo stoo hakijakosekana. Neno hilo nililishika kuliko nilivyoshika katekisimu. Nilijivunia rafu zilizojaa. Kwangu mimi, kitu kilikuwa hakijaharibika mpaka kikatae kabisa kufanya kazi, na hita ile ilikuwa haijakataa. Ilikuwa ikilalamika tu, na malalamiko niliyazoea.

Kisha ukaja mwezi wa saba. Kombaini za kuvunia ziliingia mashambani, na upepo wa Mlima Hanang ulipuliza baridi pamoja na makapi ya ngano, ukayaingiza kila palipokuwa na upenyo. Bafu la wageni lilikuwa na tundu la hewa juu ya dirisha, la ukubwa wa sahani. Mgeni mmoja alilalamika kwamba ameoga huku akipigwa na upepo na akatoka na makapi kichwani. Sikumwagiza mtu. Nilichukua gunia tupu stoo mwenyewe, lenye alama yetu nyekundu, nikalikunja mara nne, nikalisukuma ndani ya tundu kwa mpini wa fagio mpaka likakaza. Nakumbuka jinsi nilivyoridhika. Bafu likawa na joto kama nyumba ya mama yangu.

Siku chache baadaye Philomena alikuja tena dirishani.

"Shikamoo, Baba. Moto wa hita umekuwa wa njano."

"Moto ni moto, Mama Fabiola."

"Hapana, Baba. Kwa Masista nilipikia jiko la mafuta, lile la kupampu, miaka minne. Moto wa bluu unapumua. Ukiwa wa njano na kurukaruka, umekosa pumzi. Na sasa ukifungua bomba hauwaki mara moja. Unakaa kimya, halafu unalipuka 'buu', mpaka kioo kinatikisika. Ukuta juu yake umeingia masizi."

Hapo nilisema neno ambalo limekaa nami miaka yote hii.

"Wewe ulizaliwa katika nyumba gani isiyo na masizi?"

Mtu wa pwani au mtu wa mjini asingelisema hivyo. Lakini sisi wa nyanda za juu tulikulia chini ya dari zilizokuwa nyeusi na kung'aa kwa moshi. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moto ili moshi uyalinde na wadudu, ng'ombe walilala upande mmoja nasi upande wa pili, na mama yangu aliihurumia nyumba yenye dari safi, kwa sababu ilikuwa ni nyumba ambayo moto wake umezimika na watu wake wametawanyika. Nilipoyaona masizi juu ya hita sikuona hatari. Niliona nyumba yenye watu.

Philomena hakukasirika. Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa sauti ya chini.

"Moshi wa kuni unauona, Baba. Unakutoa machozi, unatoka nje. Huu hauonekani. Nikimaliza kusugua pale ndani kichwa kinaniuma, miguu inalegea, na nikitoka kwenye upepo kinaacha. Tuliondoe lile gunia."

"Wageni watalalamika."

"Basi tuweke hita mpya."

"Baada ya mavuno nitaangalia."

"Baada ya mavuno," alirudia, bila dhihaka yoyote, akaondoka.

Tayari zilikuwa dalili za kutosha kumwamsha mtu aliyelala, na mtu wa darasa la nne alikuwa amezihesabu zote bila kitabu. Mimi, niliyesoma kitabu, nilirudi kupanga misumari.

Jumamosi ile alikuja muuguzi aliyeitwa Angela, kijana mchangamfu, kuwachanja watoto wa wafanyakazi. Alifanya kazi tangu asubuhi katika vumbi la kombaini, na saa tisa alasiri aliomba kuoga. Philomena alimwambia asifunge mlango kwa komeo. Angela akacheka, akasema huko alikotoka watu hufunga, akafunga.

Philomena alibaki nje akianika mashuka. Alisikia mlipuko wa hita, kisha maji. Mtu anapooga, alinieleza baadaye, maji hubadilika sauti: yanakatika, yanapigapiga sakafu, yanapita juu ya mwili. Haya yalimwagika kwa sauti moja tu. Alianza kusali bila kukusudia. Alipofika Salamu Maria ya kumi na sauti ilikuwa ileile, aliacha shuka likaanguka, akagonga, akaita, kisha akaurukia mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka pamoja na misumari yake. Misumari ya stoo yangu.

Alimburuta Angela hadi kwenye majani, akamfunika kwa shuka bichi, akamgeuza upande, akamsugua mgongo. Kisha alivuta pumzi, akarudi ndani, akafunga bomba, akaling'oa lile gunia, akatoka akafunga gesi kwenye mtungi. Nilipofika nikikimbia, muuguzi alikuwa akitapika, na kutapika kulikuwa sauti nzuri kuliko kwaya yoyote. Alipelekwa hospitali, akapona, ingawa niliambiwa kwamba kwa miezi mingi mikono yake ilitetemeka na hakuweza kushika sindano.

Gunia lilibaki sakafuni bafuni. Hapo ndipo meneja alipolikuta, na Philomena akiwa amesimama juu yake.

Jumatatu tuliitwa ofisini, Philomena, Ayubu na mimi. Meneja aliuliza swali moja.

"Nani aliziba tundu la hewa?"

Ayubu hakujua. Philomena alijua. Alinitazama kwa muda mfupi, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita kwanza mlangoni, kisha akainamisha macho. Alikuwa akingoja niseme. Mimi niliitazama kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya kombaini katika shamba la njano lisilo na mwisho.

"Usafi na utunzaji wa bafu," nilisema, "uko chini ya Philomena."

Haikuwa uongo. Hiyo ndiyo sehemu mbaya yake. Nilichagua sentensi ya kweli, kama nilivyochagua misumari iliyonyooka, nikaiacha ifanye kazi ya uongo.

"Mama, una la kusema?" meneja aliuliza.

"Sina, mkubwa," alisema Philomena. "Nashukuru kwamba dada yule anapumua."

Aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Kesho yake nilifungua sanduku la mbao kwa mikono yangu, nikatoa nyasi kavu, na Ayubu aliitundika hita mpya kabla ya chakula cha mchana. Kazi ya asubuhi moja. Moto wake ulikuwa wa bluu kama ua la kitani. Alipofungua bomba, nilijikuta nasali kimoyomoyo ili kupima, na maji yalikuwa ya moto nikiwa bado kwenye "umejaa neema". Sikutaka kuendelea mpaka "saa ya kufa kwetu". Nilitoka nje.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi," alisema Ayubu nyuma yangu. Hakuwa akinisema mimi. Ingekuwa heri angenisema.

Philomena alirudi Nambis na Fabiola wake, na habari ilitangulia kufika kabla yao. Kijijini kwake alikuwa mwanamke wa kuitwa mtu anapojifungua. Yeye ndiye aliyechemsha maji na kumkanda mzazi, kwa sababu mkono wake ulijua joto linalotuliza na joto linalochoma. Sasa walisema ni yule aliyeziba hewa akataka kumuua muuguzi. Hakuna aliyemfukuza. Hawakumwita tu. Mimba zilikuja na kuzaliwa, jirani kwa jirani, na maji yalichemshwa na mikono mingine.

Nilistaafu miaka michache baadaye nikarudi kwangu Endagikot, parokia moja na Nambis. Kila Jumapili tulikutana nje ya kanisa, na kila Jumapili aliniinamia kidogo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Fabiola."

Sijawahi kubeba gunia zito kama shikamoo hiyo. Nililipeleka kwa Padre wa parokia katika kitubio. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema Mungu amesamehe, lakini jina la mtu hurudishwa na yule aliyelichukua, tena palepale lilipochukuliwa. Nilikubali. Kisha nikangoja. Nilingoja mavuno, nikangoja Kwaresima, nikangoja siku tutakapokuwa peke yetu, halafu siku tusipokuwa peke yetu. Maneno nilikuwa nayo tayari, yamepangwa vizuri, na niliyatunza kama nilivyoitunza ile hita, nikisubiri siku ambayo yatahitajika kweli.

Mwaka 1995 Fabiola, akiwa ameolewa, alikuja kujifungulia kwa mama yake. Nikiwa baba yake wa ubatizo nilikwenda Nambis alasiri ya siku ya pili, na kitenge na chupa ya asali. Mlango ulikuwa wazi. Wanawake watano au sita walikuwa ndani, mtoto alikuwa akilia kwa afya, na sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga. Philomena alikuwa ameketi karibu na ukuta, mikono mapajani, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Maji ya kumkanda binti yake yalisimamiwa na Letisia, jirani mzee kuliko wote, mwenye ulimi mwepesi.

Philomena aliinuka kidogo, akanyoosha mkono kuelekea kwenye sufuria.

"Wewe kaa hukohuko!" Letisia alimpigia kelele, akicheka. "Usije ukatuzimisha sote kama yule nesi wako, tukaokotwa kwenye majani!"

Wanawake walicheka. Haukuwa ukali. Ulikuwa mzaha wa zamani, uliolainika kwa kutumiwa, na hilo ndilo lililonichoma. Philomena naye alicheka kidogo, akarudi kuketi. Kicheko hicho nilikifahamu. Ndicho alichonipa dirishani siku nilipomwambia anasali haraka.

"Gunia lilikuwa langu," nilisema.

Sikuwa nimesalimia hata. Walinigeukia.

"Nini, Mzee Nicodemo?" aliuliza Letisia.

"Lile gunia la bafuni. Nililiziba tundu mimi, kwa mikono hii na mpini wa fagio. Mama Fabiola alinionya kuhusu ile hita tangu mwanzo. Aliniambia moto umegeuka, akaniambia kichwa kinamuuma, akaniomba nilitoe gunia. Hita mpya ilikuwa stoo. Nilikataa. Na muuguzi yule alivunjiwa mlango na huyu, akatolewa na huyu. Nilipoulizwa, nilisema bafu liko chini yake, akafukuzwa yeye."

Maji yalianza kuchemka.

"Miaka kumi na moja?" alisema Letisia polepole.

"Kumi na moja."

"Na Jumapili zote hizo ukawa unapokea shikamoo yake?"

"Nilipokea."

Letisia alinitazama kwa jicho ambalo afadhali angenitukana. Kisha akamgeukia Philomena. "Na wewe ulijua?"

"Gunia lilikuwa na alama nyekundu ya stoo," alisema Philomena. "Ningewezaje kutojua?"

"Mbona hukusema?"

"Alimshika mwanangu kwenye maji ya ubatizo."

Letisia alifungua kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunja upya, akakiweka mkononi mwa Philomena, akasogea kando ya mafiga. Nilitamani Philomena aniambie neno, lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha na nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Aliipua sufuria, akanitazama nikiwa bado nimesimama mlangoni na chupa yangu ya asali.

"Nimesikia, Baba," alisema. "Sasa sogea hapo. Umetuzibia mlango, na mzazi anahitaji hewa."

Nilisogea. Niliketi juu ya jiwe karibu na zizi, asali mapajani, na kutoka pale niliweza kumwona akichovya vidole ndani ya maji, midomo ikichezacheza. Sikusikia ilikuwa Salamu Maria ya ngapi.